Fundi Asiyeshika Mashine ya Mtu

"Fundi Thadei? Huyo mikono yake imefungwa," Lukresia, jirani yake Zulfa, alisema huku akigeuza vitumbua. "Aling'oa kifaa kwenye kompyuta ya mtu, mwenye mali akaenda kwa mganga. Tangu hapo akigusa tu mashine isiyo yake, vidole vinakakamaa kama kuni. Nenda ukajionee. Kazi utafanya mwenyewe, yeye amekaa kama bwana harusi!"

Zulfa alicheka, lakini cheko halikufika moyoni. Tangu asubuhi kompyuta yake ilikuwa inawaka bila kuonyesha kitu. Taa inawaka, feni inavuma, kioo cheusi tii. Kwa mashine hiyo moja aliwachapia watu barua na mitihani katika kibanda chake cha Lizaboni, na humo ndimo yalimotoka maziwa ya mwanawe, Abdulswamadu. Ikifa hiyo, ni kufunga kibanda na kurudi Nalasi kwa mama mkwe, kwenye mikorosho. Akambeba mtoto mgongoni, akaipakata kompyuta kwenye bodaboda, huyo Bombambili kwa Thadei.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Weka hapo mezani. Mimi sishiki."

Kumbe kweli! Zulfa akaitazama mikono ya yule mzee. Ilikuwa imetulia juu ya magoti, kucha safi, vidole vyepesi vikipigapiga suruali taratibu. Haikukakamaa hata chembe.

"Chomeka kwenye kioo changu kile kwanza, tujue mgonjwa ni nani," Thadei alisema.

Akachomeka, akawasha. Feni ikavuma, kioo giza. Basi kioo cha Zulfa hakikuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mashine yenyewe. Fundi akamwambia achomoe waya wa umeme, abonyeze kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha afungue mfuniko wa ubavuni. Zulfa akashika bisibisi kwa woga. Hapo Abdulswamadu akaanza kulia. "Nyamaza, Swamadu," Zulfa alimbembeleza.

"Mlete huku. Mtoto nashika," Thadei alisema, na Zulfa akacheka cheko la kweli safari hii.

Mtoto akatulia mapajani, akimvuta fundi ndevu. Zulfa akaonyeshwa vibao viwili vyembamba vilivyosimama ndani, ndizo ramu zenyewe, kumbukumbu ya mashine, akavichomoa, akavisugua meno yenye rangi ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli.

"Polepole, mama, husugui sufuria," fundi alisema. Kisha, bila kuulizwa, akaendelea, macho yake kwa mtoto. "Watu wanasema mengi. Kuna mteja alidai nimemwibia kimoja kama hicho. Akaja na watu wa mtaa, wakapekua mpaka chini ya godoro, wanangu wamesimama mlangoni wanatazama. Hawakukuta kitu. Lakini neno likishatoka unalirudishaje? Nikasema basi, mali ya mtu siishiki tena. Kila mtu ashike yake, mimi nitasema tu."

 Zulfa akarudisha kibao kimoja, akakandamiza mpaka kikalia ta! Akachomeka waya. Akawasha. Giza. 

"Usiogope, bado tuna cha pili. Zima, chomoa waya, toa hicho, weka mwenzake."

Akafanya hivyo, akarudisha waya. Akawasha. Feni ikavuma, kioo kikapepesa, maandishi meupe yakaanza kupanda, na baada ya kitambo picha ya Abdulswamadu aliyoiweka mwenyewe ikajaa kiooni, mdomo wazi, meno mawili.

"Alhamdulillahi!" Zulfa alishika uso kwa viganja. "Fundi, Mungu akuzidishie. Mungu akuzidishie, wewe na wanao. Hujui ulichonifanyia."

"Umefanya mwenyewe," Thadei alisema. "Itakwenda taratibu mpaka upate kibao kingine. Na hicho kilichokufa, kitie kwenye mkoba. Usiniachie hapa hata kidogo."

Zulfa akaizima mashine. Kabla hajainua mfuniko, fundi akaruka.

"Aa, jamani! Huyu amenilowesha!"

"Yarabi! Nisamehe, fundi."

"Aka, amenibariki tu."

Zulfa akamchukua mtoto na mkoba wa nepi, akaelekea uani kwenye bomba.

"Mama Swamadu!" sauti ya fundi ilimfuata, yenye hofu. "Usiniachie mashine wazi! Njoo uifunge kwanza!"

Zulfa akageuka. Akamwona yule mzee amesimama mbali na meza, suruali imelowa, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa sukari. Roho ikamuuma.

"Nimekuachia wewe, fundi. Nitazamie. Huyu simwoshi mbiombio."

Akaenda. Akamwosha mtoto polepole, akambadilisha, akampaka mafuta, akambembeleza. Aliporudi, mashine ilikuwa vile vile, tumbo wazi, na Thadei amesimama pale pale. Ila mikono ilikuwa imetoka nyuma.

"Miaka yote hii," alisema, akasita, akakohoa kidogo. "Mama Swamadu, nina ombi moja. Huo mfuniko, kama hutajali, naomba niufunge mimi."