Feni ya Chumba cha Mabati

"Upepo wa ziwa upo, mzee, sikatai. Lakini haupenyi ukuta. Na hicho kidirisha ulichotuwekea, hata paka anapita kwa ubavu."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mwenye nyumba wangu asubuhi moja ya kiangazi, huku nimekumbatia madaftari ya watoto na nimeshachelewa shule. Alikuwa amesimama uani karibu na magunia yake ya buni, ananishangaa. Alikuwa amesikia kwamba nataka kununua feni. Mtu wa Bukoba anunue feni! Akasema joto liko Dar es Salaam, liko Tabora, huku kwetu Mungu ametupa mvua na ziwa. Kama bibi yangu anaona joto, si akae barazani kama watu wengine?

"Bibi ni mgonjwa, mzee."

"Ndiyo akae barazani, apone. Upepo wa pale hauna bei. Nyie mliosoma hamnunui kitu mpaka kiwe na waya."

Nikamwacha palepale. Kengele ya shule ilikuwa inagongwa na nilikuwa nasikia kila pigo.

Bibi alikuwa amekuja kwangu kutoka kijijini kwetu Izigo kwa sababu ya mguu. Alikuwa na kidonda juu kidogo ya kifundo, kikubwa kama kiganja cha mtoto, na kule nyumbani walikuwa wamekipaka kila jani linalojulikana. Hospitalini wakasema kinapona, lakini lazima kioshwe kila siku na yeye alale ameunyoosha mguu. Nikasema basi, nina chumba mjini, ni mwalimu mwenye mshahara, nitamtunza mimi. Niliona fahari sana. Chumba changu kilikuwa na sakafu ya saruji, taa ya umeme, na bati jipya juu. Nilimsafishia kitanda changu, mimi nikatandika mkeka chini.

Siku ya tatu bibi akasema anarudi Izigo.

"Mwana wange, humu mnapikwa. Mimi si ndizi."

Nesi alikuwa ameniambia wazi, wala hakuzunguka: akiacha dawa sasa kidonda kitaingia mfupani, na kikishaingia mfupani hawatakuwa na la kufanya ila kuukata mguu. Kwa hiyo nikakata shauri. Kama tatizo ni joto, dawa ya joto inauzwa dukani. Nilikuwa naweka akiba ya kununua baiskeli. Baiskeli ingesubiri.

Nilienda dukani jioni ya siku ileile niliyojibizana na mwenye nyumba. Muuzaji Mhindi alikuwa mtu wa maneno mengi na heshima nyingi, kila sentensi "mwalimu, mwalimu." Alikuwa na feni mbili. Moja ilikuwa ya ajabu, sijawahi kuiona nyingine kama ile mpaka leo: haikutumia umeme, ilitumia mafuta ya taa. Chini kuna utambi unawaka kama wa taa, juu kuna mapanga yanazunguka. Akaiwasha pale mezani. Ikaanza pole pole, ikashika kasi, na ikanipulizia usoni upepo wenye harufu ya taa ya jikoni.

"Lakini ina moto," nikasema.

"Moto kidogo, mwalimu. Upepo mwingi."

"Nawasha moto ndani ya chumba ili nipate baridi?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mwalimu anauliza sana! Mzungu aliyenunua nyingine kama hii hakuuliza hata moja."

Ya pili ilikuwa ya umeme, ya mezani, ya rangi ya kijani, mapanga yake ya shaba yanang'aa kama kikombe cha kanisani. Nikaigusa tu nikajua ni yangu. Nilimwambia chumba changu hakina mahali pa kuchomeka waya, kina taa moja tu inayoning'inia. Akasema si kitu, akanipa kijidude cha kufunga palepale pa taa. Unatoa glopu, unafunga kile kijidude, unachomeka feni. Akakubali niilipe nusu, nikaijaribu, na kama mgonjwa haipendi niirudishe kabla ya Jumapili.

Sikufikiri mara mbili. Mimi nikishaona njia huwa sitazami pembeni.

Usiku ulikuwa haujaingia vizuri mwenye nyumba alipowasha jenereta lake nyuma ya ghala, nikaitoa glopu, nikaichomeka feni. Ikaunguruma. Bibi alikaa kitandani ameshika mashavu, kitambaa chake cha kichwani kinapepea. Gizani, kwa sababu taa nimeitoa.

"Waitu!" akasema. "Nani huyo ananipuliza?"

"Ni feni, bibi. Inakufaa?"

"Inanifaa sana. Lakini sikuoni. Hapa kwako mtu anachagua, ama upepo ama macho?"

Tukacheka wote wawili. Niliegemea ukuta nikajisikia nimemaliza kazi. Baada ya muda bibi akaomba blanketi. Kisha akaomba la pili. Bukoba jioni, hata kiangazi, ni baridi, na nilikuwa nimemletea baridi juu ya baridi. Sikuliona hilo. Niliona tu kwamba hajasema tena habari ya Izigo.

Naomba niiseme nyumba yetu ya Izigo, la sivyo mtu hataelewa bibi alikuwa analinganisha na nini.

Nilizaliwa kwenye mushonge, ile nyumba yetu ya zamani ya nyasi, ya duara, iliyoanzia chini kabisa kwenye ardhi ikapanda mpaka kileleni bila ukuta. Ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote. Ukitoka juani ukaingia, ulikuwa husogei kwanza. Unasimama mlangoni huoni kitu, unasubiri, halafu kidogo kidogo vinakuja: nguzo, mafiga, vibuyu, bibi amekaa anamenya ebitoke, ndizi za kupika. Jua la mchana halikutufikia kamwe. Chini tulitandika nyasi. Jumamosi wanawake walienda rweya, kule uwandani kusiko na migomba, wakarudi na mizigo ya nyasi vichwani, tukatoa zilizochakaa na kutandaza mpya. Usiku wa Jumamosi mimi na dada yangu tulikuwa hatutaki kulala kitandani. Tulijiviringisha palepale chini, pua zimejaa harufu ile ya kijani, tukisikia moshi unavyopita kwenye paa. Hata leo nikipita mahali nyasi zimekatwa asubuhi, miguu yangu inasimama yenyewe.

Halafu kahawa ikapata bei, na kila mwanamume mwenye kibanja akataka bati. Baba naye akataka. Akabomoa mushonge, akajenga nyumba ya pembe nne inayoonekana kutoka barabarani. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati majirani walikuja kusikiliza, wakapongeza, ingawa hakuna aliyesikia pongezi za mwenzake. Mimi nilikuwa napiga makofi. Bibi alihamia kwenye jiko, kwa sababu jiko lilikuwa bado la nyasi, na hakuna aliyeweza kumtoa huko. Tuliona ni ukaidi wa uzee.

Sasa nirudi mjini.

Siku mbili baada ya feni, nilipompeleka bibi kuoshwa kidonda, nesi aliniita pembeni. Kidonda badala ya kukauka kilikuwa kimechanika ukingoni. "Mwalimu, huyu bibi anaukunja mguu. Kila siku naona alama. Kwa nini anaukunja?" Nikasema haiwezekani, nimempa kitanda kizima. Nesi akaendelea kukunja bendeji.

Nilikasirika. Siku iliyofuata nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikatoka shule kabla ya saa sita ili nimkute bibi nimgombeze.

Nilipoingia chumbani sikumkuta. Joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Bati lilikuwa linaalika kwa jua, ta, ta, ta. Feni ilikuwa mezani, kimya. Nikabonyeza swichi. Kimya. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angelikumbuka: jenereta la mwenye nyumba huwashwa jioni. Mimi asubuhi naondoka, jioni narudi, na siku za mapumziko nashinda nje. Tangu nihamie, chumba changu cha mchana nilikuwa sijawahi kukutana nacho.

Nikasikia sauti barazani. Nikachungulia.

Bibi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mahali pa kivuli. Mguu wake ulikuwa umenyooshwa juu ya kanga iliyokunjwa, sawasawa na alivyoagizwa. Njiani walikuwa wanakuja akina mama watatu wa kanisani wanatoka kwenye mazoezi ya kwaya. Walipomwona mzee, wakafanya kama walivyolelewa: wakaacha njia, wakaja, wakapiga magoti kumsalimu. Na bibi, kabla goti la kwanza halijagusa ardhi, akauvuta ule mguu chini yake, akaukalia, akaufunika na gauni, akatabasamu. Salamu za kwetu si fupi. Wakamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za kibanja, za mvua. Akajibu zote. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso na hakulifuta. Walipoondoka akauvuta mguu taratibu kwa mikono miwili, na bendeji ilikuwa imelowa.

Hajapumua vizuri, akapita mzee mmoja na baiskeli. Akateremka kusalimu.

Nikatoka. Nilikuwa nimekuja kugomba, nikachuchumaa kando yake.

"Bibi, kwa nini usiwaambie unaumwa?"

"Nimwambie kila mpita njia? Mtu ananipigia magoti, mimi nimnyooshee mguu unaonuka kama ng'ombe aliyekufa? Nimelelewa, mimi."

"Basi ukae ndani."

"Ndani?" Akaniangalia kama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi. "Umeingia ndani sasa hivi. Umekaa?"

Sikuwa nimekaa.

Akaurudisha mguu juu ya kanga, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Kwa mama yangu mgonjwa alilala kule nyuma, gizani, kwenye ubaridi. Watu walisalimu kutokea mlangoni, naye aliwajibu bila kuonekana. Hapa kwenu mgonjwa anawekwa dukani. Jumamosi napanda basi la Muleba, nishuke Izigo. Usinizuie, mwana wange. Najua wanachosema juu ya mguu. Ni mguu wangu."

Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Nikamwambia nataka kutandaza nyasi juu ya bati, upande wa chumba changu tu, nitazikata mwenyewe rweya, na nitazitoa bibi akipona. Nilidhani atasema nitaharibu misumari. Kumbe misumari haikumhusu.

"Bati langu ulivike nyasi?"

"Kwa wiki chache tu, mzee."

"Mwalimu, unajua nilivuna miaka mingapi nikapata lile bati? Watu wakipita barabarani waone nyasi juu, watasema nini? Watasema jamaa amefilisika, amerudi kwenye mushonge! Hata mahari ya binti yangu itashuka."

"Lakini mgonjwa..."

"Mgonjwa akae barazani," akasema. "Ndani ya chumba chako sikuingilii, ning'iniza hata mbuzi. Juu, hapana. Juu ni uso wangu."

Niliondoka nikiwa nimekunja ngumi. Nilitembea hadi karibu na Ijuganyondo, nje kidogo ya mji, kabla sijagundua ninakokwenda. Nyumba za huko zilikuwa bado nyingi za nyasi, zimejificha ndani ya migomba, na nikafikiri nihamie huko, nipange hata jiko la mtu. Lakini kutoka huko mpaka hospitali, bibi na mguu ule, angefikaje kila siku? Nikageuka.

Jioni jenereta likawaka. Sikuigusa feni. Nikarudisha glopu mahali pake, nikawasha taa, na kwa mara ya kwanza tangu nipange chumba kile nikalala chali sakafuni nikatazama juu. Bati lilikuwa tupu, limepita juu ya boriti nne. Kati ya boriti na bati kulikuwa na nafasi ya kutosha mtu kupitisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Unatafuta nini huko?" bibi akauliza.

"Bibi, zile nyasi za kwenye mushonge, zilikuwa na unene gani?"

"Paa? Ukiupenyeza mkono mpaka begani, hautoki upande wa pili. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe huulizi tu. Tangu mtoto. Ukiuliza, kuna kitu kitavunjika."

Nikamwambia asifunge mzigo wake mpaka nirudi kesho mchana. Akasema mzigo ameshaufunga. Nikamwambia basi aukalie, lakini mguu aunyooshe, na mlango nitaufunga kwa nje kwa saa chache hizo za asubuhi kabla bati halijapata moto, ili asilazimike kumsalimu mtu. Akacheka kidogo. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na kwa bibi yangu huko ni kukubali.

Nikaamua hivi. Kesho alfajiri, kabla ya kengele ya shule, nitairudisha feni dukani, na pesa nitakazorudishiwa nitawapelekea wanawake wanaouza mikeka ya mafunjo karibu na ziwa. Nitachukua mikeka mingi kadiri watakavyokuwa nayo. Nitaifunga kwa kamba za migomba chini ya boriti, ukuta hadi ukuta, na juu ya mikeka nitajaza nyasi kavu za rweya mpaka mkono wangu usifike kwenye bati. Kutoka barabarani hakuna atakayeona kitu. Mwalimu mkuu nitamwambia ukweli, na akininyima ruhusa nitakwenda hivyohivyo. Mwenye nyumba sitamwomba tena. Nikishafunga mkeka wa mwisho na kushuka kwenye kiti nitakachopandia, nitamkaribisha amsalimu bibi, kutokea mlangoni.