Kinyozi wa Nusu Kichwa

Tangu Jumanne nakataa tu. Naambiwa, nasikia, nakataa. Dido wetu, kinyozi wa Greyville hapa Durban, alianguka asubuhi akifagia saluni yake. Presha. Hakufika hospitali.

Kwa ambao hamkumjua: Mkongo wa Bukavu, mfupi, shati jeupe kila siku, sauti ya kwaya. Mimi Mkenya, mwanafunzi wa PhD, niliingia kwake miaka minne iliyopita kunyolewa tu.

Akaniuliza nasomea nini. Nikamwambia: violence kwenye mitaa ya katikati ya miji ya Marekani, inatoka wapi na inaacha nini. Akazima mashine.

"Bon, Prof. Unifasirie. Juu ya nini banauana kule?"

Nikatoa lecture nzima na kitambaa shingoni! Viwanda vilivyofungwa. Watu weusi waliosukumiwa mtaa mmoja na kunyimwa mikopo ya nyumba. Kina baba walio jela. Bunduki rahisi kupata kuliko kazi.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisimulia habari za Fiston.

Fiston alikuwa mdogo wake. Walikimbia vita pamoja. Dido akabaki Durban, Fiston akapata resettlement Marekani, akapewa nyumba kwenye mtaa kama ule ninaousoma mimi kwenye makala. Siku moja jirani akamtukana mbele ya mke wake. Akampigia Dido simu, sauti imejaa hasira.

"Nilimwambia, petit, mudogo wangu, niko na client, nitakupigia after. Na ule client alitaka ndevu tu."

Dido alipopiga, mke ndiye aliyepokea, analia. Fiston alikuwa amerudi kwa yule jirani, na jirani alikuwa na bunduki.

"Ile yote unasema ni kweli, Prof. Andika. Lakini ndugu yangu alikosa mutu wa kumushika saa moja tu."

Tangu hapo Dido hakumruhusu mtu mwenye hasira atoke saluni kwake. Na mbinu yake, jamani! Alikukalisha, akanyoa upande mmoja, safi kabisa. Halafu mashine "ikachemka".

Nani ataenda kupigana barabarani na nusu kichwa? Unakaa. Unaletewa chai. Mama Grâce, anayesuka kwenye kiti cha pili, anakuuliza kama umekula leo. Mashine inapoa polepole sana.

Niliwacheka wengine mpaka ikafika zamu yangu.

Laptop yangu ilipotea na interviews zote za miaka miwili. Nilikuwa na uhakika mwizi ni jamaa wa chumba cha pili pale tunapopanga Glenwood. Nikashuka Greyville kutafuta watu wa kunisaidia kumpiga. Ndiyo, mimi, mtafiti wa violence.

"Tutaenda sote, Prof. Lakini hauwezi kuenda na nywele ya hivi."

Nikakaa kama mjinga. Dakika kumi, upande wa kushoto umeisha.

"Eish. Mashini imechemka."

Nilimtukana. Nikaitukana na mashine. Kwenye kikombe cha tatu cha chai simu ikalia: mlinzi wa library, laptop iko kwake, niliiacha mezani.

Dido akawasha mashine, akamaliza upande wa kulia. Jamaa wa chumba cha pili hajui mpaka leo, na ndiye aliyenisaidia kubeba viti vya msiba.

Wiki hiyo niliandika upya sura ya tatu ya thesis. Sikuondoa sababu hata moja, maana mtaa ukinyimwa kazi na heshima kizazi baada ya kizazi, hasira lazima ije. Niliongeza swali moja tu: ikija, nani yuko karibu, na ana muda?

Sasa jana mchana.

Nilikuwa saluni na Mama Grâce tunapanga mazishi. Akaingia Trésor, anayelinda magari kule Overport. Shati limechanika, kisu mkononi. Mwenzake alimpiga kofi mbele ya wateja. Habari za msiba hakuwa nazo.

"Dido iko wapi? Aninyoe haraka, kabla sijaua mutu!"

Mmeelewa? Alikuja mwenyewe. Alitembea kutoka Overport na hasira yake kuja kuzuiwa, na wa kumzuia hayupo.

Mama Grâce akaniangalia. Maisha yangu yote sijawahi kunyoa mtu. Nikachukua mashine.

"Kaa," nikamwambia.

Upande wa kushoto ulitoka kama umeliwa na mbuzi. Nikazima.

"Mashine imechemka."

Trésor akajitazama kwenye kioo, akanitazama mimi, akatazama mashine ya Dido mkononi mwangu. Akaelewa.

"Dido alikufa?"

Tukalia wote watatu. Mama Grâce akaweka maji ya chai. Baadaye Trésor mwenyewe akampa kile kisu, bila kuombwa, akavaa kofia akaenda kwa watoto wake. Upande wa pili alikataa nisiuguse. Atarudi Jumatatu, tumtafutie kinyozi wa kweli.

Kwa hiyo saluni haifungwi. Mwenye hasira aje. Mimi naanza kujifunza kunyoa.

Kaka Dido, pumzika sasa. Trésor yuko nyumbani, kichwa kibaya, mzima. Lala salama, huo upande uliobaki tuachie sisi.