Jina Alilopewa Mama William

Odilia hakuwa na neno na Elieth mpaka siku ile Careen alipoitwa akageuka.

Kabla ya hapo walikuwa kitu kimoja. Wameolewa na ndugu wawili wa tumbo moja, wanaishi ua mmoja pale Murungu, wilayani Kibondo, wanapalilia maharage pamoja na kumsengenya mama mkwe kwa sauti ya chini. Tena kila mmoja alikuwa na mtoto asiyesikia. Odilia alikuwa na William. Elieth alikuwa na Careen, ambaye masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu akiwa ananyonya. Majirani waliwahurumia kwa pamoja, nao wakazoea kuhurumiwa kwa pamoja. Urafiki wa watu wengine umejengwa juu ya hilo tu, kwamba hakuna aliyemzidi mwenzake, na siku mmoja akizidi ndipo mnajuana.

Kwa William, ubaya ulianza na homa. Alikuwa na umri wa miaka miwili, shingo ikakakamaa, degedege likampanda, akalazwa hospitali hadi watu wakaanza kuulizana habari za sanda. Akapona. Odilia akamshukuru Mungu, wala hakujua kwamba homa ile ilikuwa imeondoka na kitu. Hakujua kwa muda mrefu sana, na hapo lazima tujilaumu wenyewe, sisi Waha na salamu zetu. Maana kwetu mtoto akikutana na mkubwa huchuchumaa, akapiga makofi taratibu, na mkubwa naye akampigia, ndipo maneno yafuate. William alichuchumaa vizuri kuliko watoto wote wa ukoo. Ukimpigia makofi, anakupigia. Ukizidisha, anazidisha. Bibi yake alimsifu kila mahali kwamba yule ndiye mtoto aliyelelewa. Kuhusu maneno yenyewe, watu walisema mdomo wake ni mzito, wanaume wengine huchelewa. Mmoja akamkata kijinyama cha chini ya ulimi, mwingine akashauri mafuta ya mawese ya uvuguvugu sikioni. William akaendelea kupiga makofi, na kukaa kimya.

Mwaka 2012 ndipo mambo yalipofichuka. Bibi alitoka shambani akamkuta mjukuu amempa mgongo, anachezea udongo. Akapiga makofi. Mtoto kimya. Akapiga tena, kwa nguvu, na "mwakeye", salamu yetu, juu yake. Mtoto hata bega halikutikisika. Bibi akamchapa kofi la mgongo kwa kiburi kile, na William akageuka akilia, akachuchumaa hapo hapo akapiga makofi huku machozi yanatiririka. Odilia alikuwa mlangoni. Akaona jambo zima kwa mara moja: mwanawe alikuwa akiyaona makofi miaka yote. Hakuwahi kuyasikia.

Basi redio ilipotangaza mwaka uliofuata kwamba wataalamu wa masikio watafika Kasulu, wake wale wawili walikwenda pamoja, kila mmoja na wake mgongoni ingawa watoto walishakuwa wakubwa wa kutembea. Basi lilijaa watu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na mizigo yao, wakabanana siti moja wakagawana mihogo ya kuchemsha. Ilikuwa safari nzuri. Odilia aliikumbuka baadaye kwa uchungu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya namna ile.

Daktari alikuwa mtu wa pwani, Abdalah, mpole, mwenye kusema neno mpaka liishe. Alimpima Careen akasema ngoma ya sikio imetoboka kwa usaha wa muda mrefu. Sikio lisafishwe, likaushwe, litiwe dawa ya matone, lisiingie maji wala mawese wala kitu chochote cha kienyeji. Likikauka, atajaribiwa mashine ya kukuza sauti. William alivalishwa vidude masikioni, akatazamwa, akapimwa tena. Kisha daktari akaeleza. Sikio la nje la mtoto huyu ni zima, alisema, ila homa ile ya uti wa mgongo imeharibu sikio la ndani kabisa, kule sauti inakopokelewa na kupelekwa kwenye ubongo. Mashine inakuza sauti, lakini kama hakuna wa kuipokea, ni kazi bure. Kuna upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio, watu huufuata India, gharama zake si za kusemeka, na unafaa zaidi mtoto akiwa mdogo, tena baada yake lazima awe karibu na wataalamu wa kumfundisha kusikia upya. Akasema lililo mkononi ni shule ya viziwi, hapa hapa Kasulu, ajifunze lugha ya alama mapema, kwa sababu mtoto asiye na lugha yoyote akili yake inakaa na njaa.

Haya yote Odilia aliambiwa. Alichosikia ni kimoja: Careen amepewa, William amenyimwa.

Akatafuta sababu, na mwenye wivu hakosi sababu. Elieth alikulia Kasulu mjini, akawa anauza dukani kwa Mzee Omary, Kiswahili chake kimenyooka. Alipoingia kwa daktari alisema shikamoo, akaulizwa akajibu, akacheka panapochekwa. Odilia alikuwa akichanganya Kiha na Kiswahili mpaka nesi akamtafsiria. Kwa hiyo, akaamua Odilia, mashine ile iliahidiwa kwa sababu ya mdomo wa Elieth. Angekuwa na mdomo ule na yeye angepewa.

Wataalamu waliporudi mara ya pili, sikio la Careen lilikuwa limekauka. Akavalishwa mashine, kitu kidogo chenye rangi ya maziwa ya chai, kinakaa nyuma ya sikio. Walipofika nyumbani Murungu, Elieth akasimama karibu na jiko akaita, si kwa kupaza, "Careen." Mtoto akageuka.

Ua mzima ulipiga vigelegele. Odilia alipiga pia. Kuanzia hapo, kila asubuhi ilikuwa adhabu. Careen alijifunza kusema maji, akajifunza kusema kuku, na siku aliposema "mama" Odilia aliingia ndani akajifunika kanga usoni mchana kweupe. Alimwonea wivu Elieth kwa neno lile kuliko ambavyo mtu angeona wivu kwa ng'ombe au nyumba ya bati. Alitaka aitwe. Mara moja tu, hata vibaya, hata kwa kukosea. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba haya si makosa ya mtu.

Mumewe, Crispin, alitaja shule ya Kasulu mara nyingi, na kila mara alijibiwa kwamba mwanawe hatapelekwa kwa mabubu akawe bubu zaidi. Wataalamu watakuja tena, naye atapewa mashine. Mwaka 2014 ukaanza hivyo na kuisha hivyo. William akawa anapiga wenzake, anavunja vyombo, anajiviringisha chini kwa hasira ambayo hakuna aliyejua inadai nini. Upande wa pili wa ua Careen akawa anaimba.

Mchana mmoja Elieth alikuwa akimwogesha binti yake, na mashine ameiweka dirishani juu ya kitambaa, isipate maji. Odilia alipita, mkono ukaenda wenyewe. Akamshika William, akaingia naye migombani nyuma ya jiko, akamvalisha.

Mashine ikapiga mluzi. Ndivyo zinavyofanya zisipokaa sawa kwenye sikio, lakini Odilia hakulijua hilo, alidhani inaamka. Akazungusha kigurudumu chake cha kuongeza sauti mpaka mwisho. Mluzi ukawa mkali hata kuku wakakimbia, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Odilia mwenyewe alikunja uso. William alikuwa na hindi la kuchoma mkononi. Akaendelea kulitafuna, punje kwa punje, akamtazama mama yake aliyemsogelea karibu namna ile, akatabasamu.

Odilia akalia bila kutoa sauti. Hapakuwa na haja ya daktari wala mkalimani tena.

Alipoinua kichwa, Elieth alikuwa amesimama kati ya migomba, mikono ina povu la sabuni, ameufuata mluzi. Alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, akaelewa.

"Ungeniomba, mama William," alisema. "Ningekupa umjaribu, hata mwaka jana ningekupa."

Laiti angetukana. Odilia alirudisha kile kitu, na moyoni wivu ukaongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa kumbe hata wema Elieth alikuwa nao, na yeye hakubakiwa na cha kumzidi.

Januari 2015 Crispin akampeleka mtoto shule ya bweni Kasulu. Odilia hakukataa, wala hakukubali; alifungasha nguo tu. Hakwenda kumtembelea mpaka katikati ya mwaka. Alisingizia mahindi, akasingizia miguu. Ukweli ni kwamba aliogopa kuona mwanawe amekuwa wa mtu mwingine.

Na ndicho alichokiona. Alimkuta William uwanjani, amenenepa, amenyolewa vizuri, mikono yake inakwenda mbio mbele ya mwalimu mmoja mwanamke, na uso wake umemwelekea yule mwalimu kwa namna ambayo zamani ilikuwa ya Odilia peke yake. Mwalimu alijibu kwa mikono, William akacheka hadi akainama. Odilia hakuwahi kumchekesha hivyo. Wivu aliokuwa akimwonea Elieth ukahama mahali pale pale ukamwangukia mwalimu.

Mwalimu aliitwa Mwamvua, mtu wa Tanga, amehamishiwa huku. Akamkaribisha kwenye benchi, akampa pole ya safari. William alikuja akasimama mbele ya mama yake, akachuchumaa, akafurahi, akamshika magoti. Watoto wengine wakawazunguka, na kila aliyefika alimtazama Odilia, akafanya alama moja ile ile, wakaambiana, wakacheka kidogo kwa aibu. Ilikuwa alama ya haraka. Odilia akauliza wanasema nini.

"Wanasema mama yake William amekuja," alisema Mwamvua.

Odilia akasema mbona alama ni moja tu. Mwalimu akaeleza kwamba hapa kila mtu ana jina lake la mkono, kwa sababu kuandika herufi hewani kunachosha. Mtu huitwa kwa lile linaloonekana kwake: kovu, mwanya, mwendo. Yeye mwalimu jina lake ni mkono unaorekebisha mtandio, maana hautulii kichwani. William ni kidole kwenye kidevu, kwa ajili ya kale kashimo. Wazazi nao hupewa na watoto wao.

"Langu ni nini, mwalimu?"

Mwamvua akarekebisha mtandio. Akasema watoto hawana nia mbaya, wanaita wanachokiona. Akasema William aliulizwa wiki ya kwanza, mama yako ni yupi, na hakufikiri hata kidogo. Kisha, kwa kuwa mgeni alikuwa bado anasubiri, akamwonyesha. Akauweka uso mbele, midomo akaibana, na kidole kikatoka pembeni ya jicho kikaenda taratibu upande, kule ambako jirani angekuwa.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Odilia kwamba anaonekana. Alidhani wivu wake ameuficha. Miaka ile yote alijua kwamba mtoto hasikii, akasahau kwamba anatazama, hana kazi nyingine ila kumtazama yeye. Damu ilimpanda usoni. Wale watoto wote walikuwa wanamjua kwa jina hilo, na wapishi, na mlinzi wa getini pengine.

Akauliza, kwa Kiswahili chake kile kile, kama jina linaweza kubadilishwa.

Mwamvua akasema mwenye kulibadilisha ni aliyelitoa. Akamgeukia William, mikono ikasema. Mtoto akasikiliza kwa macho, akamgeukia mama yake akamkagua uso, bila hasira, kama mtu anayepima kitambaa. Akajibu kwa alama chache.

"Anasema ataangalia kwanza," alisema mwalimu.

Odilia akabaki amekaa kwenye benchi, uso wake mbele ya mwanawe, asijue macho ayaweke wapi.