Kompyuta Tuliyoivisha Kitambaa

Enzi zetu kitu cha thamani hakikukaa uchi. Wewe uliyekulia Mwanza miaka ile ruksa ya biashara ilipopamba moto unanielewa vizuri. Redio ilikuwa na kitambaa chake. Kochi lilikuwa na vitambaa vyake, mgongoni na mikononi. Televisheni, kwa nyumba chache zilizokuwa nayo, ilifunikwa kama bibi harusi, na ole wako mtoto uifunue bila ruhusa. Kwetu Mkuyuni hatukuwa na televisheni, lakini nguo yake tulikuwa nayo. Mama aliifuma mapema akaiweka kabatini. Alisema, "Mwenyewe atakuja aikute."

Leo naingia ofisini nakuta kijana ameipakata kompyuta mapajani, mkono mmoja unabonyeza, mwingine unachovya chipsi kwenye tomato. Nashtuka kila siku. Wenzangu wananicheka, wanasema dada huyu anaogopa mafuta ya chipsi. Hawajui nilichokiona nikiwa darasa la nne.

Nakumbuka likizo zetu zile. Asubuhi tulicheza rede na kombolela kati ya yale mawe makubwa nyuma ya nyumba mpaka magoti yakawa na rangi ya udongo. Mchana, mimi kama mkubwa, nilioga haraka haraka nikampelekea Mama chakula kazini, viazi vitamu na sato wa kukaanga, au michembe, viazi vilivyokaushwa, ambayo Bibi alituletea kutoka Misungwi, imepikwa na karanga. Mama alikuwa mpiga chapa katika kampuni moja ya kununua pamba, karibu na reli. Kabla hujaiona ofisi ulikuwa unaisikia. Taipureta nne zililia kwa pamoja, ta-ta-ta-ta-ting, mfano wa mvua ya mawe juu ya bati.

Walikuwa wanawake wanne. Mama, ambaye wote walimwita Mama Minza kwa jina langu. Mama Sabina, mtu wa Ukerewe, mnene, mwenye kicheko cha kufika barabarani. Mama Bahati, mjane, asiyesema sana. Na Dada Perpetua, ambaye alikuwa hajaolewa na alipaka kucha rangi ambayo taipureta iliibandua kila siku. Niliingia nikiamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo, wakaitikia bila kuinua macho, vidole vinaendelea. Walikula pamoja kwenye sahani moja. Baada ya kula kila mmoja alitoa sindano yake na uzi, wakafuma huku wakipiga soga mpaka kengele ilie.

Msimu ule nyumbani kwetu mambo hayakuwa mazuri. Baba alikuwa amepunguzwa kiwandani. Neno hilo, kupunguzwa, sisi watoto tulilijua kabla ya kujua kugawanya kwa njia ndefu. Kila wiki ulisikia baba wa fulani kapunguzwa. Basi ugali wetu, sare zetu na daftari zetu, vyote vilitoka kwenye vidole vya Mama. Baba mwenyewe alisema, "Watoto, mwombeeni mama yenu asiumwe mikono." Nasi tuliomba kweli, kila tulipokaa mezani.

Ndipo kompyuta ikaja.

Siku ilipoletwa nilikuwepo. Mimi nilitegemea kuona mtambo wa ukubwa wa lori, kumbe ni kitelevisheni kimekalia boksi! Nikabaki mdomo wazi. Kilichonishangaza zaidi ni heshima iliyopewa. Ilitengewa chumba chake. Ikawekewa kiyoyozi, wakati binadamu wanne waliendelea kutoka jasho chumba cha pili. Mlangoni ulivua viatu. Meneja mwenyewe alivua, na soksi yake ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, na hakuna aliyethubutu kucheka ila Mama Sabina, aliyejifanya anakohoa. Meneja akatangaza, "Vumbi ni sumu kwa mashine hii. Na atakayeiharibu, ataondoka nayo." Kisha akamchagua Mama aifanyie kazi, kwa kuwa alikuwa na mikono myepesi kuliko wote.

Nyumbani usiku huo hakuna aliyefurahi. Baba aliuliza mara mbili, "Alisema ataondoka nayo?" Mama akajibu, "Ndivyo alivyosema."

Nikueleze walivyoitumia, uone maajabu. Barua moja ilitakiwa kwenda vituo vyote vya kununulia pamba, maneno yale yale, jina la kituo tu ndilo linalobadilika. Mama aliandika barua ya kituo cha kwanza, akaichapa, akaifuta yote, akaanza upya barua ya kituo cha pili kutoka neno la kwanza. Siku nzima! Na wenzake watatu chumba cha pili wanafanya hivyo hivyo kwa taipureta. Hakuna aliyemwambia kwamba mashine ile ina kumbukumbu. Fundi aliyeifunga aliwaonyesha jinsi ya kuwasha na jinsi ya kuchapa, akapeana mkono na Meneja akaenda zake. Mama aliamini kazi inakaa kwenye kioo, na kioo kikizimwa kazi imekufa. Mashine ya gharama yote ile ikawa taipureta yenye mwanga.

Na kwa kuwa ilikuwa kitu cha thamani, wale wanawake wanne walifanya kile ambacho mama zetu wote wangefanya. Waliifumia kitambaa. Kila mmoja alifuma upande wake, Mama uzi mweupe, Mama Sabina wa bluu, Mama Bahati wa kijani, Dada Perpetua wa waridi, halafu wakaunganisha katikati kwa ua kubwa. Kizito, kizuri, kimeshuka mpaka mezani. Meneja alikiona akasema, "Hapo sasa mmeistiri." Nilijivuna sana. Hata shuleni nilisimulia.

Jioni moja kengele ililia Mama akiwa katikati ya barua ndefu. Akaogopa kuzima, asije akaipoteza. Akaiacha inawaka. Lakini vumbi je? Akakishusha kitambaa vizuri pande zote, akazima taa na kiyoyozi, akafunga mlango, tukarudi Mkuyuni.

Asubuhi tuliingia naye. Mama alipofungua mlango, harufu ikatupiga usoni, harufu ya plastiki iliyoungua. Kitambaa kilikuwa kimekuwa cha kahawia juu, pale ua lilipokuwa. Mama akakivuta. Kioo kilikuwa cheusi ti. Akabonyeza, cheusi. Akabonyeza tena. Sijawahi kuona mtu mzima akibadilika rangi vile. Akaketi chini sakafuni, peku, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mayu wane, mama yangu! Nimewaua wanangu."

Nilikuwa mtoto, lakini hesabu niliijua. Baba kapunguzwa, Mama anafukuzwa, na sisi je?

Meneja alikuja na viatu vyake mpaka ndani. Hakuvua. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika kweli. Akauliza, "Nani aliyeifunika ikiwa inawaka?" Mama akainua mkono kama mwanafunzi. Meneja alifungua mdomo aseme, lakini Mama Sabina alikuwa amekwisha kupita mlangoni na mwili wake wote.

"Meneja, shikilia hapo hapo. Kitambaa si cha Mama Minza. Ule upande wa bluu ni wangu."

"Wa kijani ni wangu," akasema Mama Bahati, yule asiyesema.

Dada Perpetua alikuwa analia tayari. Alionyesha kwa kidole tu pindo la waridi.

"Kwa hiyo kama ni kuondoka nayo," akasema Mama Sabina, "tuondoke wote wanne. Nawe uzipige chapa barua zako mwenyewe, msimu ndio huu."

Meneja aliwatazama. Akatazama miguu ya Mama iliyokuwa peku, akatazama viatu vyake. Akatoka nje kwenda kupiga simu.

Fundi alifika kabla ya chakula cha mchana, na kioo kingine amekikumbatia kifuani. Wote tulisimama ukutani mfano wa watu waliokuja kwenye maziko. Alichomoa nyaya akachomeka nyaya. Akabonyeza. Ee Mungu wangu! Kioo kiliwaka, na barua ya Mama ilikuwa pale pale, imesimama katikati ya neno alipoiacha jana! Mama alipiga ukelele ambao watu wa reli waliusikia. Alidhani ni uchawi. Mimi pia nilidhani, tena nilirudi nyuma hatua kadhaa.

Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Mama, kazi haikai kwenye kioo. Inakaa huku kwenye boksi. Ukiitunza, utaiita hata mwakani itakuja."

"Itakuja yenyewe? Bila kuiandika tena?"

"Bila kuiandika tena. Badilisha jina tu, chapa."

Mama alimtazama fundi, kisha akavitazama vidole vyake. Nadhani alikuwa anazipigia hesabu barua zote alizoziandika na kuzifuta. Akavuta kiti. "Baba, kaa hapa," alimwambia yule fundi kijana kwa heshima yote. "Nifundishe polepole."

Meneja hakumfukuza. Kioo kilichoungua kilisahaulika, maana katika majuma yaliyofuata Mama alikuwa mtu mwingine. Alirudi nyumbani anacheka peke yake. Alimwambia Baba, "Unajua leo? Vituo vyote, kabla ya saa nne!" Baba akafurahi, sisi tukafurahi, tukala wali katikati ya wiki. Mama hakuwa mchoyo wa jambo lile. Aliwaita wenzake waje waone, wakapiga makofi. Alimwita Meneja pia. Akamwonyesha kwa mikono yake mwenyewe jinsi kazi ya watu wanne ya wiki inavyoweza kuisha kabla ya chai. Meneja alisimama nyuma ya kiti, peku, akasema, "Hongera sana, Mama Minza. Hongera sana."

Msimu ulipoisha, Mama Sabina, Mama Bahati na Dada Perpetua walipunguzwa. Wote siku moja.

Siku hiyo Mama alirudi mapema. Alikaa kwenye kochi, kwapani ana kile kitambaa, kimeungua katikati na pande zake nne ziko salama. Baba akamuuliza kama naye amepunguzwa. Akatikisa kichwa. "Mimi nimebaki," akasema. "Wamenibakiza mimi." Ndipo akalia, na mimi sikuelewa mtu anawezaje kulia kwa kuachiwa kazi. Likizo iliyofuata nilipeleka sahani moja kwa mtu mmoja, na ofisi ile ilikuwa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia pale.

Dada Perpetua baadaye aliolewa Musoma. Mama Bahati alikwenda kwao na hatukumsikia tena. Mama Sabina aliuza dagaa sokoni Mkuyuni miaka mingi, na kila tulipopita alimwongezea Mama kisado kimoja bure, na Mama kila mara alishindwa kukikataa na kushindwa kukipokea.

Leo hii Mama ni mzee, anakaa nami Buswelu. Kile kitambaa kiko chumbani kwake, amekitandika juu ya redio, tundu limeelekezwa ukutani. Vijana wa sasa mashine zao hazina nguo, na labda ni heri, zinapata hewa. Mtandao ukikatika dakika tano wanashika vichwa kama waliofiwa. Huwa nawacheka, kisha nakumbuka mama yangu sakafuni, nanyamaza.

Juzi nilirudi kazini nimejaa furaha. Tumeletewa programu mpya, taarifa ya mwezi tuliyokuwa tunaikeshea sasa inajiandaa yenyewe wakati unakunywa maji. Tena ni mimi niliyeijua kwanza, na kesho yake nilikuwa nimwonyeshe bosi. Nilimsimulia Mama yote, nikiwa nimesimama mlangoni pa chumba chake na mkoba begani, nikisubiri anisifu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akaweka sawa pindo la bluu la kile kitambaa.

"Mko wangapi mle ofisini?" akauliza.