Pedali za Mwalimu Breki

Wanafunzi wake walimwita Breki, na jina hilo hakupewa kwa mahaba. Alikuwa mwalimu wa udereva. Kwa miaka mingi alikaa kiti cha abiria akiwafundisha watu wazima wanaotetemeka, na neno lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko hata salamu lilikuwa hilo: "Breki! Breki!"

Barabarani alikuwa bingwa, hilo halina ubishi. Lakini ukifungua boneti, bingwa aligeuka kipofu sokoni. Aliona vyuma, mipira na nyaya, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu, kisha akafunika. Siri hiyo aliijua mkewe peke yake, na mkewe hakuwa na desturi ya kumwonea huruma.

Basi gari lake la kufundishia likaharibika kitasa cha buti. Kila lilipoingia shimoni, mlango wa nyuma ulifunguka na kupunga hewani kama mtu anayeaga wasafiri, mpaka Breki akaufunga kwa kamba.

"Peleka kwa fundi," mkewe alimwambia, "na useme neno moja tu: kitasa. Usiongeze."

"Mama watoto, mimi nimeanza kuendesha magari fundi huyo hajaota meno."

"Ndiyo maana nakwambia usiongeze."

Kabla hajafika gereji alisimama pembeni, akaling'oa bango la L, la gari la wanaojifunza, lililokuwa juu ya gari, akalisukuma chini ya kiti. Aliona haya. Mwalimu mzima, gari limefungwa kamba kama mzigo wa kuni! Heri aonekane raia wa kawaida.

Gereji ilikuwa uwanja wenye udongo mweusi kwa oili, na magari kadhaa yasiyo na matairi yamekalia matofali. Fundi mkuu alikuwa mtu mnene, mwenye kalamu sikioni lakini asiye na karatasi popote.

"Kitasa cha buti," alisema Breki. Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza.

Fundi alichungulia chini ya gari. "Mzee, hata bushi za mbele naona zimechoka."

Breki hakujua bushi ni mdudu gani. Ingeweza kuwa chuma, ingeweza kuwa maji. "Bushi nazijua," alijibu, akilipiga gari mgongoni. "Gari hili nalijua kama kiganja changu. Limebeba takataka nyingi tu."

"Basi niachie mimi, mzee. Utalipenda."

Jioni alilikuta linang'aa kama bwana harusi. Sakafuni kulikuwa na kapeti jipya jekundu, ambalo hakuliagiza. Honi, alipoigusa, ilinguruma kama ya lori la mizigo, na paka aliyekuwa amelala juu ya tairi akaruka ukuta. Hiyo nayo hakuiagiza. Nyuma, buti ilikuwa imefungwa kamba. Kamba mpya.

Breki aliitazama kamba ile kwa muda. Akajiambia lazima iwe na sababu ya kitaalamu, na mtu anayejua bushi hawezi kuanza kuuliza habari za kamba. Fundi alipomtajia malipo, alikohoa, akaahidi kumalizia mwisho wa mwezi, akaondoka shingo imenyooka.

Asubuhi iliyofuata alikuwa na mwanafunzi, mkunga mstaafu aliyeamua kujifunza gari uzeeni ili aache kuwabembeleza wakwe zake wampeleke huku na huko. Mama huyo alikuwa mzito wa klachi lakini mwepesi wa moyo. Walishuka mteremko vizuri tu, mpaka mbele yao akatokea mtu anasukuma mkokoteni uliojaa magodoro, akaanza kuvuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto.

"Breki!" akapiga kelele mwalimu, na kama kawaida yake akakanyaga pedali yake mwenyewe, ile ya upande wa abiria, inayomwezesha mwalimu kusimamisha gari mwanafunzi akizubaa.

Mguu ulitua kwenye kapeti.

Akakanyaga tena. Kapeti. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, kama mwanamke anayeponda udongo wa kufinyangia vyungu, macho ameyafumba, huku akilitaja jina lake mwenyewe kwa sauti nyembamba ambayo hakujua kama anayo.

"Mwalimu," alisikia. "Mwalimu, gari limesimama."

Alifumbua jicho moja. Magodoro yalikuwa mbele ya boneti, karibu kuguswa. Mkunga alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mguu wake juu ya breki, ametulia tuli.

"Pumua kwanza," mama alisema kwa sauti ya kazi yake ya zamani. "Vuta ndani. Taratibu. Toa. Vizuri sana. Na hiyo miguu iache sasa, imeshamaliza."

Breki aliinama, akafunua kapeti. Pedali hazikuwepo. Palibaki matundu mawili, la breki na la klachi, yaliyozibwa kwa ustadi mkubwa.

Walikwenda moja kwa moja gereji, mkunga akiendesha. Njiani Breki alipanga hotuba kali, lakini alipomfikia fundi ilimtoka kipande tu: "Pedali zangu!"

"Zile za upande wa abiria?" fundi alishangaa. "Mzee, nilidhani mwenye gari wa kwanza alikuwa na wazimu. Wewe si ulisema takataka nyingi? Ungeacha hata hilo bango la L juu jana, ningejua."

Mkunga ndiye aliyejibu.

"Fundi, mwanangu. Mimi nimezalisha watu maisha yangu yote. Mtoto akitoka na kidole cha sita, sikikati mpaka nimwulize mama yake. Wewe umeng'oa breki bila kuuliza?"

Fundi alitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Hapo nimekosa, mama," alisema.

"Na kitasa?" aliuliza Breki.

Kitasa hakikuwa kimeguswa. Kila kitu kilishughulikiwa isipokuwa kile kilicholipeleka gari pale.

Ndipo Breki alipoanza kucheka, kwanza kidogo, halafu hadi akalazimika kuegemea gari. "Na mimi nikuambie ukweli, fundi. Bushi sizijui. Mpaka sasa hivi sijui kama ni za kula au za kuvaa."

Fundi alizitafuta pedali, akazikuta juu ya paa la bati la kibanda chake, zimewekwa zizuie bati lisipeperuke. Alizirudisha siku ileile, akatengeneza kitasa, akang'oa kapeti na honi, na malipo yakabaki ya kitasa na bushi tu. Breki alikaa juu ya kreti karibu yake, akiuliza jina la kila kitu. Mkunga, aliyekaa kreti ya pili, alikuwa akiyashika majina haraka kuliko yeye.

Nyumbani mkewe aliisikiliza habari yote amesimama na mwiko mkononi. Ilipofika kwenye miguu miwili na kapeti, aliketi sakafuni, hoi kwa kicheko.

"Neno moja," alisema alipopata pumzi. "Nilikupa neno moja tu uende nalo."

"Lilikuwa dogo," Breki alimjibu, akivua viatu. "Nikaona nilipambe."