Pasi ya Mama Mwalimu

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, vyumba viwili na ukumbi, katikati ya mikorosho, si mbali na Newala mjini. Tulikuwa wanne tu ndani yake: baba, mama, mdogo wangu wa kiume na mimi. Hata hivyo hatukuenea. Kilichotubana ni vitu.

Mama hakuwa mtu wa kutupa. Debe likitoboka aliliweka, maana iko siku litazibwa. Kinu kilichopasuka kiliwekwa, na mchi wake. Magunia, vipande vya kanga, miguu ya kitanda ambacho chenyewe hakikuwepo tena, fremu ya baiskeli ya marehemu babu, vyote vilirundikwa mpaka vikagusa makuti ya paa. Baba alikuwa akilalamika zamani, kisha akachoka. Ng'ambo ya Ruvuma watu walikuwa wakipigana na Wareno, na siku nyingine tulisikia mabomu yakivuma bondeni. Mama alikuwa akisema, "Vita vikivuka mto, mtanishukuru."

Mimi sikumshukuru. Nilikuwa naona haya. Wenzangu wa shule wakitaka kunisindikiza nyumbani nilisingizia kwamba nimeagizwa mahali, nikazunguka na njia ya nyuma. Mama naye alikuwa na haya yake, ingawa hakuisema. Mgeni akipiga hodi, alitoka upesi akampokea nje, akasimama mlangoni na kuuziba kwa mwili wake.

Jirani yetu alikuwa mwalimu aliyetoka Bukoba, na mkewe tukimwita Mama Mwalimu. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa na pasi ya mkaa pale kwetu, na hakuwa mchoyo nayo. Kazi ya kufua na kupiga pasi kwake aliifanya mama mmoja mkimbizi, aliyevuka Ruvuma na mtoto mgongoni. Alikuwa mpole, mwenye vidole virefu. Akiniona na sketi ya shule iliyokunjamana aliniita, akaninyooshea marinda moja moja bila kuulizwa.

Mwaka mmoja, Idd ilipokaribia, mama aliazima ile pasi anyooshe kanzu ya baba. Sikukuu ikapita. Siku zikaenda, ndipo Mama Mwalimu akaja.

"Jirani, ile pasi umeshamaliza nayo?"

"Niliirudisha zamani," mama akamjibu. "Niliiweka pale barazani kwenu. Hapakuwa na mtu."

"Mbona hatukuiona?"

"Basi mimi niliiweka."

Mama hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyokumbuka. Mama Mwalimu alichungulia juu ya bega la mama, gizani kule ndani. "Labda tutazame na humu kidogo, dada yangu. Vitu vingi hupotezana."

"Unataka kunipekua nyumbani kwangu?"

Mama aliziba mlango kwa mikono miwili. Mama Mwalimu akaomba radhi, akaondoka. Nilifurahi kwamba hakuingia.

Lakini aliyekuwa akishinda kwenye baraza ile alikuwa mmoja tu, yule mama mkimbizi. Hakuna aliyetamka neno mwizi. Waliacha tu kumwita. Kwanza nguo za mwalimu zikawa zinafuliwa na mtu mwingine, kisha watu wengine waliokuwa wakimpa kazi nao wakanyamaza. Nikawa namwona akitoka kupalilia mashamba ya watu, mtoto amelala chini ya mkorosho. Akinikuta njiani aliniamkia kama zamani. Mimi niliinamisha kichwa, nikiamini maneno ya mama.

Ikaja amri ya kuhamia kijijini, watu waliotawanyika mashambani wakae pamoja. Zamu yetu ilipofika tuliambiwa lori litapita kutuchukua, kila kitu kiwe nje. Majirani walikuja kusaidia kutoa mizigo, kama ilivyo desturi. Mama aliwakatalia, akasema tutaweza wenyewe, lakini walikwisha kuingia.

Vitu vikaanza kutoka, na havikuisha. Rundo likajaa uwanjani, juani, mbele ya watu wote. Mwanzoni walicheka. "Hapa palikuwa na duka!" mmoja akasema. Panya wakakimbia toka kwenye magunia, watoto wakawafukuza. Kisha mwanamke mmoja akainua ungo. "Huu si wangu?" Mwingine akaona mwiko wake, mwingine kamba yake ya kuchotea maji. Mama alicheka nao, akisema chukua, chukua mama, nilisahau. Kicheko chake kilikuwa kinakauka. Nilitamani lori lije lituchukue hivyo hivyo, bila hata mkeka.

Baba akafungua gunia la matambara. Mkono wake ukagonga chuma. Akaitoa pasi, na alipofunua kifuniko chake majivu yakamwagika.

Mama Mwalimu alikuwa pale, amekuja kutuaga. Na yule mama mkimbizi alikuwa pale pia, maana majirani wote walikuja. Alikuwa amejitwika kinu chetu kilichopasuka.

Mama akakaa chini, mchangani. "Nilifika," akasema polepole. "Nikakuta baraza tupu, nikaogopa kuiacha. Nikarudi nayo." Akajifunika uso kwa kanga.

Watu wote wakamgeukia yule mama. Alitua kinu taratibu, akaitazama pasi, akatutazama na sisi.

"Lori linakuja," yule mama akasema. "Tubebe." Akaingia ndani kuchukua mzigo mwingine.

Mama alimfuata. Alichagua sufuria yake nzuri kuliko zote, yenye kifuniko, na blanketi ambalo halijatumika, akampelekea. "Dada, pokea. Nisamehe."

"Sufuria nzuri," yule mama akajibu. "Lakini nikipita sokoni nayo kichwani, watu watasema nini?"

Mama alijitwika sufuria mwenyewe, akanipa mimi blanketi, tukashika njia ya sokoni mpaka kwenye kibanda cha yule mama, yeye ametangulia, sisi nyuma. Kila aliyetusalimu mama alimwambia, "Hii ni ya huyu dada. Ile pasi ilikuwa kwangu." Wengine hawakuuliza, naye aliwaambia. Mara ya kwanza sauti yake ilisikika vizuri. Tulipofika mwisho wa soko ilikuwa mnong'ono. Nilitembea nikitazama visigino vya mama.

Dereva wa lori alikataa kubeba rundo lote. Mama hakubishana. Vya watu vilirudi kwa wenyewe, vilivyooza vilichomwa, na vilivyobaki vilienea kwenye kona moja ya lori.

Nyumba ya kijijini ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini nilifagia mpaka pembeni, na kabla ya chai nilikuwa nimemaliza. Chumvi ilikaa mahali pake, ukiinyooshea mkono gizani unaipata. Madebe ya maji, tuliyopanda nayo kutoka bondeni shingo zikiuma, hayakupinduliwa tena na mtu aliyejikwaa. Mama aliacha kufoka asubuhi akitafuta kitu. Mlango wetu ulishinda wazi, na rafiki yangu wa kwanza kuja kwetu alilala siku mbili. Mema haya yote niliyapenda, na kila nilipoyapenda nilikumbuka aliyeyalipia.

Mama Mwalimu alimwita yule mama arudi kazini. Alishukuru, hakurudi. Msumbiji ilipopata uhuru alijiandaa kwenda kwao, akapita kijijini kutuaga. Mtoto wake alikuwa sasa anakimbia. Tulimtandikia mkeka, mama akamletea uji, akampa kwa mikono miwili bila kumtazama usoni. Yule mama akazungusha macho ukutani na chini.

"Nyumba yenu ina hewa," akasema.

"Ndiyo," mama akajibu, kisha akasema anakwenda kutazama moto. Moto ulikuwa umeshazimwa. Alikaa nyuma ya nyumba mpaka uji ukaisha, mpaka mgeni akafunga kanga na kumbeba mwanawe. Mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka barabarani.