Kabla Hujabana Kapo

Naikumbuka Jumamosi moja pale Kihesa, Iringa, kwaya nzima ikigombania penseli, na mimi nimesimama katikati yao nataka kulia. Ndiyo, penseli. Cheka tu, Neema mjukuu wangu, lakini leo nitalijibu lile swali lako na utanisikiliza mpaka mwisho, maana ukiniuliza kitu mimi sijibu nusu.

Jana umefika hapa kwangu mtaa wa Soweto na gitaa mgongoni, hata salamu hujamaliza, ukaanza kunionyesha kwenye simu picha za kapo. Hii ya springi, hii ya skrubu, hii ya mkanda. Ukasema, "Bibi, wewe umeimba na wapiga gitaa maisha yako yote. Ipi inalipatia gitaa mlio mzuri?" Nikakwambia njoo kesho nikiwa sina haraka. Haya, umekuja. Mimina chai, viazi hivyo hapo mbele yako.

Kapo ni kitu kidogo tu. Unabana shingo ya gitaa, nyuzi zinakuwa fupi, wimbo unapanda, na vidole vinaendelea na mashiko yaleyale viliyoyazoea. Ukiisogeza kuelekea tumbo la gitaa, wimbo unapanda zaidi. Ukiirudisha, unashuka. Hayo unayajua kuliko mimi. Mimi sijawahi kushika gitaa zaidi ya kulifuta vumbi. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele na kuimba, na mtu anayesimama mbele anasikia mengi.

Mpiga gitaa wetu alikuwa Kaka Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa Iringa. Mtu mzuri, ila majivuno jamani! Shati limenyooshwa hata akienda kisimani. Kapo ya dukani hakuwa nayo. Alikuwa analaza penseli juu ya nyuzi, pale kwenye freti ya nne, yaani kijiti cha nne cha chuma kwenye shingo ya gitaa, kisha anaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na kuufunga kwa nyuma. Ilibana, na tuliimba nayo miaka.

Sasa sikiliza. Baba yangu alipofariki nilitunga wimbo. Sikuutunga kwa ajili ya kwaya, niliutunga jikoni nikichambua maharage, machozi yananitoka. Kwaya wakaupenda, ukawa wimbo wetu mkubwa, na ikaamuliwa twende Mbeya kuurekodi kwenye kanda. Unajua kurekodi kanda siku zile? Ilikuwa habari ya mtaa mzima. Na aliyekuwa anaongoza wimbo ule ni mimi.

Kabla ya safari nikapasuliwa rovu. Lilikuwa limenikaa shingoni tangu usichana, lilipoanza kunibana pumzi sikuwa na la kuchagua. Daktari aliniambia wazi kwamba sauti inaweza kubadilika. Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, huku moyoni nasema hayo ni ya wengine. Nikapona. Kula nakula, kuongea naongea, hata kugombana na jirani niligombana vizuri tu. Lakini niliporudi mazoezini, tulipofika ubeti wa pili, pale ninapomwita baba kwa jina lake, sauti ikanitoroka. Ikatoka pumzi tupu.

Nikajaribu tena, hola. Watu wakaangalia chini.

Mwalimu Sanga, aliyekuwa anatufundisha kwaya, hakuwa mtu katili. Alinisubiri wiki, akanisubiri nyingine. Mwisho akaniita pembeni, akasema safari imekaribia, na kama hali ni hiyo basi Vumilia ataongoza. Vumilia alikuwa na sauti nzuri, sina neno baya juu yake. Ila mwanangu, ule ulikuwa msiba wangu! Baba ni wangu, machozi ni yangu, halafu mtu mwingine ndiye amwite baba yangu kwenye kanda. Niliumia. Nilifika nyumbani nikalala bila kula.

Ambakisye naye akataka kunisaidia. Akasema shida ni ile penseli, inameza mlio wa gitaa, ndiyo maana mwimbaji haisikii noti vizuri. Akapanda basi mpaka Mbeya, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la redio na vyombo vya muziki, akarudi na kapo ya chuma yenye springi, inang'aa kama kijiko kipya. Jumamosi ile ninayokwambia ndiyo alikuja nayo.

Akaibana, akapiga. Eh! Sikudanganyi, tofauti ilikuwepo. Kwa penseli gitaa lilikuwa linalia kama limejifunika blanketi, na kwa chuma likaamka, nyuzi zikawa zinalia moja moja. Kwaya wakapiga makofi. Nikaimba. Ubeti wa pili, palepale, sauti ikakatika, tena vibaya kuliko mwanzo. Ambakisye akasikiliza, akagundua springi ile ina nguvu mno, imezivuta nyuzi zimepanda kidogo. Akaisogeza karibu kabisa na freti, akazirekebisha nyuzi upya, gitaa likatulia. Nikaimba. Sauti ikakatika.

Ndipo ukaanza ubishi. Watu wa besi wakasema turudi kwenye penseli, ina upole wake. Watu wa soprano wakasema chuma, chuma, huo ndio mlio wa kanda. Mmoja akasema penseli ile ni laini mno, itafutwe ngumu zaidi. Mwingine akadai chuma kinafanya gitaa kuwa zito kichwani. Walibishana kama watu wanaogawana shamba, na Mwalimu Sanga katikati anapiga meza, "Jamani! Jamani!" Mimi nimesimama na kitenge changu nimekizungusha shingoni kuficha kovu. Nilijua tangu zoezi la kwanza kwamba wimbo uko juu ya uwezo wangu. Nilijua, na sikufungua mdomo.

Shangazi yangu Vaileti, dada yake baba, alikuwa anaimba alto. Tulirudi naye kwake. Tulipoingia jikoni akatupa mkoba kwenye kiti.

"Wale wamebishana jioni nzima habari ya chuma," akasema. "Koo la nani linaloimba?"

"Langu, Shangazi."

"Mbona mwenye koo amenyamaza?"

Nikamwambia ukweli, maana pale pa kujificha hapakuwepo. Nikamwambia nikiomba wimbo ushushwe, kila mtu atajua sauti yangu imekufa.

Shangazi akanijia karibu, akakivuta kile kitenge shingoni mwangu, akakitupa huko. "Imekufa nani kakwambia? Imeshuka. Mimi ninakusikia ukiongea humu ndani, una sauti nzito nzuri kama ya baba yako. Unataka kumlilia baba yako kwa sauti ya usichana uliokwisha pita? Kesho nenda kamwambie yule Mnyakyusa ashushe. Na usimwambie kwa kuombaomba, mwambie kama mtu anayejua anachotaka. Ukinyamaza tena, wimbo akaimba Vumilia, usije kulia kwangu."

Wee! Shangazi alikuwa hana maneno ya kubembeleza. Nilikasirika, na hasira ile ikanisaidia.

Kesho yake baada ya ibada nikamkuta Ambakisye kwake, anapangusa kapo yake mpya kwa kitambaa. Nikamwambia, "Kaka, irudishe chini."

Akashtuka. "Nikiirudisha dada, ule mlio unapotea. Pale freti ya nne ndipo inapolia. Huku chini gitaa litakuwa zito."

"Liwe zito."

"Tumehangaika hivi, uzuri wote uishe?"

"Uishe. Mimi nataka kumwita baba yangu."

Akaniangalia shingoni. Nadhani hakuwa ameniona vizuri tangu nitoke hospitali, wala kovu hakuwa ameliona, na siku hiyo sikuvaa kitu shingoni. Akairudisha freti ya pili. Nikaimba, nikakwama neno moja. Akairudisha ya kwanza bila kuambiwa. Nikaimba ubeti wa pili wote, nikalifikia jina la baba, nikalitamka, na sauti ikasimama. Sauti nzito, hata mimi mwenyewe nilikuwa siijui. Ambakisye akaacha kupiga, akafuta macho kwa kile kitambaa cha kapo. Akasema, "Dada, nimekusumbua sana. Nilikuwa nasikiliza gitaa."

Usidhani mambo yaliisha hapo. Mazoezini besi walilalamika, eti sasa wananguruma kama lori linapanda mlima. Mwalimu Sanga akakuna kichwa, akasema mpangilio wote wa sauti itabidi uguswe. Nikasimama mbele yao, shingo wazi, nikasema wimbo nimeutunga mimi na utaimbwa mahali ninapofika. Kama haiwezekani, basi uachwe wote, asiimbe mtu. Halafu Vumilia, yule yule niliyekuwa namwonea wivu, akasema, "Mwalimu, sisi wengine tutahamia. Tupange." Wakapanga upya. Besi waligawana, wengine wakapanda, wengine wakabaki kunguruma, na wimbo ukawa mzuri kuliko ulivyokuwa.

Tulikwenda Mbeya tukarekodi. Niliongoza mimi.

Sasa jibu lako, mwanangu, maana nakuona unaangalia simu. Ndiyo, kapo zinatofautiana. Inayobana kwa kitu laini inapoza mlio, ya chuma kigumu inaung'arisha, na inayokaza kupita kiasi inazivuta nyuzi mpaka zinakosana na mwimbaji. Mimi nimezisikia zote kwa masikio haya. Ila tofauti yenyewe ni ndogo, na anayeifurahia zaidi ni mpiga gitaa mwenyewe aliyeinamia gitaa lake. Nunua imara, isiyokaza mno, ibane karibu na freti, urekebishe nyuzi tena, basi, umemaliza. Na nikuambie kitu kingine. Kanda ile bado tunaisikiliza. Juzi nilimpigia simu Ambakisye, kazeeka sasa, yuko kwao Tukuyu, nikamuuliza siku ile studio alitumia penseli au chuma. Alifikiri wee, akacheka, akasema hakumbuki. Na mimi nikisikiliza siwezi kujua. Ninachokisikia ni jina la baba yangu.

Jumapili unampigia gitaa Tusekile, yule binti aliyefiwa na mama yake mwezi huu. Nimemsikia akijaribu wimbo atakaouimba, na nimemwona anavyonyoosha shingo kwenye kiitikio. Hatakwambia. Atang'ang'ana mpaka sauti imkatikie mbele za watu, kwa sababu anaona aibu, kama mimi. Basi kabla hujabana kapo yako yoyote, mkalishe karibu, mwulize, "Hapa unafika?" Akisema ndiyo huku shingo imenyooka, usimwamini, shusha. Hata kama gitaa lako litapoteza kung'aa, shusha. Na wewe siku ukiwa ndiwe unayeshindwa, usinyamaze ili uonekane hodari. Fungua mdomo useme unapofika. Anayekupenda atahamia hapo.

Haya, chukua gitaa lako, na viazi hivi vilivyobaki mpelekee Tusekile. Mungu ailinde mikono yako na ayafungue masikio yako. Akupe watu wa kuimba nao mpaka uzeeni kama alivyonipa mimi. Na siku sauti yako itakapogoma kupanda, mjukuu wangu, akujalie umpate mtu wa kukushushia wimbo.